Mkorea wa Barabara ya Kumi na Nne

Wenyeji wa Tanga tuna msemo: waja leo, waondoka leo.
Wewe ulikuja leo, ukashindwa kuondoka.

Bi Mwanamkuu Shekalaghe, mwalimu wa hesabu,
alikununua kwa kiinua mgongo,
na migongo yetu ikavunjika kwa kukusukuma:
kutoka Chumbageni, kutoka sokoni Mgandini,
siku moja kutoka Amboni, jua la saa saba,
bibi harusi ndani, shela kalikunjia magotini,
analia kwa hasira, wanja umefika kidevuni.

Watu wa Ngamiani hawakosi jina la kumpa mtu.
Wakakuita Kopo. Wakakuita Sadaka.
Wakasema kibaya chajitembeza,
nami nikajibu, spana mkononi:
huyu hata kujitembeza hawezi.
Wakacheka mpaka kahawa ikawapalia.

Sikuwa na haki ya kucheka sana.
Gasketi yako ndiyo iliyolipa ada ya Kibibi,
rejeta yako iliezeka vyumba viwili,
na ule mlango wa kushoto, uliokuwa ukifunguka wenyewe kwenye kona,
huo ulimnunulia mke wangu cherehani.
Ulikuwa mbovu, nami nilikuwa nakula.

Kisha miaka ikapita.

Alasiri moja akaja mjukuu wake, Mbaruku,
na Mkorea mwingine, mweupe, wa mkono wa tatu,
kilomita laki mbili na ushei.
"Badilisha oili tu, fundi."
Oili tu!
Nikafunua boneti kama mama mkwe anayefunua sufuria.
Nikatafuta. Nikalala chini, tochi mdomoni.
Kutu ya chumvi ya Raskazone, hakuna.
Nati zote zimekaa kina kimoja,
waya zimesukwa kama nywele za mtoto siku ya Idi.
Nikagonga mlango: ukaitika kwa sauti nzito,
sauti ya mtu aliyeshiba,
si lile debe tupu nililolizoea.

Mbaruku alikuwa na habari.
Huko kwao, alisema, kicheko kilifika mpaka mezani kwa mwenye kiwanda.
Akaandika karatasi: likiharibika ndani ya miaka kumi, ni juu yangu.
Wenzake wakadhani kapagawa.
Lakini akishaandika vile, kila nati iliyolegea
ilikuwa inachomoa pesa mfukoni mwake.
Sijui kama ndivyo ilivyokuwa.
Mbaruku husimulia vizuri kuliko anavyolipa.

Karatasi hiyo haikuvuka bahari.
Barabara ya Kumi na Nne dhamana ni "Wallahi" na kupeana mkono.
Ila nati iliyokazwa kwa kuiogopa karatasi,
hiyo imefika, na bado imekaza.

Usiku ule usingizi ulinipitia mbali.
Nilikuwa nahesabu kazi zangu:
breki niliyosema tayari, nayo nusu tayari;
gasketi kuukuu niliyoisugua ikang'aa,
nikaiuza mpya kwa mjane wa Makorora.

Asubuhi nikatwaa kipande cha boksi na rangi ya bampa,
nikaandika:
LIKIRUDI NA UGONJWA ULEULE, SIDAI.
Shemweta wa gereji ya pili akasoma kwa sauti,
akauliza nani kafa.

La kwanza likarudi siku ya tatu. Breki.
Nilitengeneza mchana kutwa, bure,
nikarudi nyumbani na mkate wa mkopo.
Ndipo nilipojua bei ya maneno yale.

Wewe wa kwanza bado uko pale uani, matairi huna,
kuku wanataga kwenye kiti chako cha nyuma.
Jana, kazi imekwisha, mwenye gari kaenda kuswali,
nikarudi chini, nikaikaza ile nati mara ya pili.
Hakuna aliyeniona
ila tetea mmoja, dirishani kwako,
kichwa upande, kama mkaguzi.